Dada Vero Aliyetulia

Juzi fundi cherehani wa jirani yangu alisahau pasi ya mkaa juu ya kitenge. Ile harufu iliponifikia, mkono wangu ukaanza kutafuta maji kabla sijajua kwa nini. Mwenzangu msomaji, nilikuwa kijijini Kalenga tena, mtoto wa darasa la tatu, mlangoni mwa jiko letu.

Dada yangu Vero alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, maji ya ugali yakichemka. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, yeye akafeli na rafiki zake wakaenda Mbeya kusoma, hakuwa akitoka nyumbani ila kwenda kanisani. Kaka yetu alikuwa amemwachia simu yake, naye aliishi ndani yake: akila, akichambua mboga, hata kanisani, chini ya mtandio. Alikonda. Alicheka na kulia kwa mambo tusiyoyaona. Nasi tulimsifu! Kwetu binti asiyezurura ni baraka, na mama hakuchoka kutamba.

“Vero wangu katulia, hata barabarani hamumwoni.”

“Huyo mtawa, mama Vero,” jirani alimjibu. “Wangu ukimtuma chumvi, anarudi na mchumba.”

Siku hiyo niliona ncha ya kitenge chake ikigusa kuni. Ikawa nyekundu, kisha mwali ukaanza kupanda kuelekea gotini. Nilisubiri aruke. Hakuruka. Kidole chake kiliendelea kusukuma kioo cha simu juu, juu, juu, uso wake mkavu kama wa mtu aliyelala macho wazi. Nikanyakua sufuria ya maharage yaliyolowekwa, nikammwagia yote.

Mama alikuja mbio, akampokonya simu. Nilitegemea ugomvi. Vero, maharage yamemnasa nyweleni, akainyooshea simu mikono yote miwili.

“Nirudishie, mama. Nikiiweka chini, kichwa kinaanza.”

“Kinauma? Nikuletee dawa?”

“Hakiumi. Kinanisema.”

  Mama akaketi kwenye majivu na gauni lake la jumuiya ya kanisa, akaushika ule mguu uliobabuka.

“Kinakusemaje, mwanangu?”

Mimi nikatumwa nje kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nilinuna kweli: moto nimezima mimi, halafu nanyimwa habari! Nilikaa uani nikisikia sauti ya Vero ikipanda na kushuka, muda mrefu, hadi kuku wakajilia walivyotaka na hakuna aliyenigombeza.

Baadaye walikwenda hospitali mjini Iringa, yeye na mama, wakarudi huko tena na tena. Mguu ulitangulia kupona. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa jambo linalonishtua hadi leo kuliko ule moto. Katika nyumba iliyojaa watu waliompenda, tangu matokeo yale hadi siku ile hakuna aliyekuwa amemwuliza dada yangu chochote. Ni ule mtandao wa kwenye simu tu uliomwuliza, kila alipoufungua, anawaza nini.