Ngoma Isiyoguswa na Mwanamke

Jumamosi iliyopita, rafiki yangu, bendi yetu ya metal ilikuwa inapiga Kakamega mjini. Mlangoni nikasimamishwa na kijana mwenye fulana ya mafuvu na kidevu kinachotafuta ndevu. "Siste, wewe umekuja na nani?" Nikamwambia mimi ndiye mpiga drams. Akacheka, akanikabidhi fulana za kuuza. Lo! Muziki unaojigamba haumwogopi hata shetani, kumbe unaogopa mwanamke akikalia kiti cha drams! Nilimtwika fulana zake kichwani nikapanda jukwaani.

Ujinga ule sikuuona mjini mara ya kwanza. Niliujua tangu kijijini kwetu, Khayega.

Kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba, kulikuwa na isukuti, ngoma zetu za ngozi ya kenge. Mwenyewe alikuwa baba mdogo. Mwenyewe wa kupiga, nasema. Sisi wasichana ndio tuliozianika juani ngozi ikaze, tukazifuta vumbi, tukakimbia kuzirudisha ndani mvua ya alasiri ikianza kunukia. Nilikuwa nikizigonga kidogo kwa ukucha, nisikie sauti ikipanda huku obusuma, ugali wetu, ukisongwa jikoni. Kisha wanaume walikuja, wakala ingokho, kuku wetu wa mchuzi, mpaka shingo, wakavaa ngoma begani. Sisi tukapewa kayamba na ruhusa ya kutikisa mabega.

"Msichana hapiganga isukuti," baba mdogo alikuwa akisema. "Atakosa watoto." Akionja pombe ya busaa hakuweza kushika mdundo, lakini mambo ya tumbo langu aliyajua yote. Ashindwe!

Kukhu alikuwa akinisikia nikigonga. Siku moja, akichambua mboga za mrenda, akaniambia, "Nikienda, nipigie wewe. Hao watanizika kama wanaofukuza nyani shambani." Nikamwahidi.

Siku ya mazishi yake wapigaji walikuwa wamelala chali nyuma ya ghala, busaa imewamaliza. Nikavaa ngoma kubwa, nikampigia kukhu wangu. Wanawake wakaitikia, wengine wakilia na kucheza pamoja. Jeneza halijafika kaburini, baba mdogo akaja akiyumba, akanivua ngoma mbele ya watu wote, akaifuta kwa majani kana kwamba nimeitapikia. Kukhu akashushwa kimya. Sijamsamehe baba mdogo, na sijifanyi nimemsamehe.

Jumapili, kesho yake ya ile shoo, nilipita Khayega, nyumbani kwa baba mdogo. Siku hizi wafu wanasindikizwa na spika za kukodi. Wanawe baba mdogo hawakutaka kujifunza isukuti, na binti zake hakuwafundisha. Naikosa sauti ile. Nikaiona ngoma kubwa imening'inia ukutani juu ya kiti alichokalia baba mdogo, nikanyoosha mkono.

"Usiguse!" mzee akafoka, amejaa fahari. "Tangu siku ile, hakuna mwanamke ameigusa tena."

Unga wa mchwa kutoka kwenye ngoma ulikuwa ukimdondokea kofiani.