Vifungo vya Mgongoni

“Msichana anaishi peke yake, anafua nguo za watu, hana hata paka. Sasa niambieni, vifungo vya mgongoni anafungwa na nani?”

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo Bi Pindo anauliza swali hilohilo, na safari hii alilinyanyua lile gauni la kijivu juu ya meza ya kukatia ili kila mwenye macho alione. Ng'ambo ya meza alisimama mkuu wa mavazi, mchoro mkononi, miwani kaipandisha utosini.

“Fundi, shona kama mchoro unavyosema.”

“Mchoro hauna mgongo. Ungekuwa nao ungejaribu kujifunga wenyewe, tukauona.”

Mzee wa pasi, aliyekuwa pembeni akinyoosha bitana, alicheka kwa pua. Mkuu wa mavazi hakucheka.

“Nimesema ushone.”

“Na nitashona. Lakini nitashona huku nasema. Mlikodi mikono, mdomo nimekuja nao bure.”

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala, na bado ulinuka magunia. Sasa ulijaa vyuma vya kutundikia nguo, na kwenye vyuma magauni ya mabibi wa kale: marinda juu ya marinda, lesi, mikono iliyovimba kama mito ya kulalia. Filamu yenyewe ilimhusu mfua nguo mmoja mwenye sura nzuri na njaa ya ukubwa. Anaanza kwa kuazima gauni la mteja. Anajiita binti wa watu. Anaolewa na mwenye nacho, anamwacha, anaolewa na mwenye nacho zaidi, mpaka anakuwa bibi wa jumba lenye ngazi ndefu kuliko mtaa aliotoka. Magauni kumi na tisa kwa mwanamke mmoja. Ndiyo maana waliitwa mafundi sita, na Bi Pindo akawa wa kwanza kati yao. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa pindo lake la mkono hata uligeuze juani huoni sindano ilipopita.

Jambo ambalo wale mafundi watano hawakulijua, wala mzee wa pasi, wala mwongozaji wa filamu, ni kwamba yule mkuu wa mavazi alikuwa mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja.

Mama yao alifariki mdogo akiwa na miaka sita. Bi Pindo alikuwa na kumi na tisa, na mchumba. Mchumba alisubiri mwaka, akachoka kusubiri, akaoa kwingine. Bi Pindo akabaki na huyo mdogo wake na cherehani. Alishona sare za shule miaka nenda miaka rudi, na mtoto alikaa chini ya meza akiokota vipande na kuvivalisha vijiti vya kuwashia moto. Miguu yake ilipofika kwenye kanyagio akafundishwa mshono. Vidole vilipotulia akafundishwa pindo. Akili alikuwa nayo, asinyimwe haki yake. Chuo kilimchukua, na baada ya hicho kikamchukua kingine cha ng'ambo. Alirudi na masanduku matatu, na ndani ya yote matatu hamkuwa na ndugu hata mmoja. Kwa watu wa filamu alikuwa mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa, sasa marehemu. Vitambaa, ni kweli, vilikuwepo.

Siku alipokwenda kumpa dada yake hiyo kazi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

“Dada, nakuomba kitu. Kule kazini usiniite mdogo wangu.”

“Nikuite nani? Shangazi?”

“Niite mkuu, kama wengine. Na mimi nitakuita fundi. Ni mpaka filamu iishe tu. Watu wale wana maneno, wataniona nimejaza ndugu kazini.”

“Ndugu mmoja ndiyo kujaza?”

“Dada, tafadhali. Siku ya kuionyesha nitakutambulisha mwenyewe, mbele ya wote. Nitawaambia huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano.”

Bi Pindo hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili na huyo mmoja. Watu wengine aliwang'ata. Huyu alimmeza mzima na miiba yake. Akakubali. Na kuanzia siku hiyo akawa na jambo moja tu analolisubiri: siku ile, mbele ya wote, aitwe dada.

Sasa turudi kwenye vifungo. Ubishi ulikuwa bado unafoka mwongozaji alipoingia, mwanaume mrefu wa suruali fupi, mwenye tabia ya kutembea huku akila karanga.

“Kuna nini? Nawasikia mpaka nje.”

“Fundi anasema gauni la kwanza limekosewa,” mzee wa pasi akasema haraka, maana alipenda vita vya wenzake. “Anasema maskini hana wa kumfunga mgongoni.”

Mwongozaji akaacha kutafuna. Alilitazama gauni, akautazama mchoro, akamtazama mwigizaji mkuu aliyekuwa amekaa kwenye kiti amevaa kanga ya kujaribia nguo.

“Lo. Ni kweli. Anajifunga mwenyewe, mbele. Hili wazo la nani?”

Bi Pindo alikuwa na pini tatu mdomoni, hakuweza kujibu hata angetaka. Mkuu wa mavazi akaivuta miwani kutoka utosini, akaivaa.

“Nilikuwa nalifikiria tangu jana,” akasema. “Vifungo viwe mbele mwanzoni. Halafu kadiri anavyopanda, vihame. Vije ubavuni, viende begani, mpaka gauni la mwisho vyote viko nyuma, thelathini na mbili, na kuna mtumishi wa kuvifunga. Bila kusema neno, watu wataona amefika wapi.”

Mwongozaji akapiga makofi, karanga zikaanguka.

Bi Pindo alitoa pini moja moja mdomoni akazichomeka kwenye mto mdogo wa pini. La vifungo kuwa mbele lilikuwa lake, na limechukuliwa mchana kweupe. Lakini hilo la kuhama lilikuwa la mdogo wake kweli, na lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuuma. Hata hasira hakuweza kuipata nzima.

“Mkuu wetu ana akili,” mzee wa pasi akamnong'oneza.

“Anayo. Na macho ya kuona akili ya wenzake iko wapi.”

Mwezi wa tatu wa kazi ikaja balaa ya gauni la karamu. Hariri nzito, rangi ya divai, pindo lake mita kumi na moja kwa kuzunguka. Mkuu wa mavazi alilikata kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka fundi aliguse. Mwigizaji alipolijaribu na viatu vya visigino virefu, gauni likabaki juu ya vifundo vya miguu, vidole vinne vizima. Mkuu alikuwa amempima miguu peku. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na kitambaa kilikwisha, na upigaji wa picha ulikuwa kesho kutwa.

Aliita mtu mmoja tu. Alisubiri wenzao watoke kwenda kula, akafunga mlango wa chumba cha kujaribia nguo.

“Fundi, tazama hili.”

Hata wakiwa wawili, mlango umefungwa, alimwita fundi. Bi Pindo alilisikia hilo kabla hajaliona gauni. Kisha akaliona.

“Ulimpima bila viatu.”

“Najua.”

“Nilikufundisha—”

“Najua ulichonifundisha. Linaokoleka?”

Liliokoleka. Kesho yake, siku yake ya mapumziko, Bi Pindo aliketi dirishani kwake tangu jua la kwanza, akaunga ukanda wa hariri nyeusi chini ya lile gauni, akauficha mshono ndani ya rinda, akapinda mita zote kumi na moja kwa mkono, maana kamera za siku hizi zinaona hata mshono wa cherehani. Watu walioiona filamu walisifu ule ukanda mweusi. Walisema unaonyesha kivuli cha dhambi. Vidole vinne vya usahaulifu, ndiyo dhambi yenyewe.

Mdogo wake alipolipokea alisema, “Nina deni lako la pindo.”

Fundi anayesema hivyo anajua anachosema. Mafundi wana sheria yao: aliyekusaidia pindo halipwi fedha, ukimpa fedha umemtukana. Unakwenda kwake, unavuta kigoda, unakaa ubavuni mwake na kumshonea pindo lake. Ndiyo maana wapo mafundi wasiokubali kulipwa haraka. Mwenye deni lako hana budi kurudi. Bi Pindo alilishika lile neno akaenda nalo nyumbani, maana kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze mdogo wake alikuwa amesema lugha ya nyumbani.

Siku ya kuionyesha ilikuwa Jumamosi, alasiri. Ukumbi wa viti vyekundu. Wakubwa safu za mbele, mafundi safu ya kumi na nne, karibu na mlango wa choo. Bi Pindo alivaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akapaka viatu rangi, akakaa wima kama anayepigwa picha.

Katikati ya filamu, yule mfua nguo, sasa bibi wa jumba, anashuka ngazi na wageni wake. Chini anamkuta mama yake mzazi amekuja na kifurushi. Anamtazama. Anawaambia watumishi, “Mpeni chochote aende.” Na anapita. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Watu walitoa leso. Mbele kule, safu ya pili, mabega ya mkuu wa mavazi yalikuwa yakitetemeka kwa kilio.

“Ana moyo laini yule,” akasema mzee wa pasi, naye akijifuta.

“Laini kama bitana,” Bi Pindo akajibu. “Iko ndani, haionekani.”

Lakini moyoni alisema: analia, basi amekumbuka. Leo ndiyo leo.

Baadaye watu walisimama nje ya ukumbi, glasi mikononi. Mdogo wake alikuwa amezungukwa na mwongozaji, na mwenye kampuni ya filamu, na mke wa mwenye kampuni. Bi Pindo hakujipendekeza. Alisimama tu hatua tatu hivi kutoka kwao, penye mwanga, aonekane. Na alionekana. Macho yao yalikutana.

“Na huyu mama ni nani?” akauliza mke wa mwenye kampuni.

Mkuu wa mavazi alifungua kinywa. Kope zake bado zilikuwa na maji. Alimtazama mke wa mwenye kampuni, mikufu yake, akamtazama Bi Pindo, viatu vyake.

“Huyu ni mmoja wa mafundi wetu,” akasema. “Mikono yake ni dhahabu.”

Mke wa mwenye kampuni akampa ncha za vidole. Bi Pindo akazishika, akasema ahsante, akarudi nyumbani kwa miguu, gauni jipya likipata vumbi.

Miezi miwili ikapita. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na chumba cha Bi Pindo kilikuwa na sketi arobaini zinazongoja pindo. Asubuhi mlango ukagongwa, naye akaingia mdogo wake, amevaa vizuri, ananukia.

“Dada.”

“Karibu. Angalia pini.”

“Dada, kuna filamu nyingine. Kubwa kuliko ile. Mwongozaji anasema hawezi bila yule mama wa pindo. Safari hii nitakutambulisha. Naapa.”

“Umekuja na nani?”

“Dereva yuko nje.”

“Umemwambia unakwenda kwa nani?”

Mdogo mtu akaangalia sakafu, vipande vya nyuzi, chini ya meza alikokulia.

“Nimemwambia nakwenda kwa fundi.”

Bi Pindo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa ileile ya jana.

Mdogo akavuta kigoda. Hakuombwa. Akachukua sketi ya juu, akatunga uzi, akaanza kupinda, mkoba wake wa bei uko sakafuni.

“Basi acha nilipe,” akasema. “Nilisema nina deni.”

Mkono ulikuwa haujasahau. Pindo lilikwenda dogo dogo, limelala, sindano haionekani ilipopita. Ungesema ni mkono wa Bi Pindo. Wawili hao walikaa bega kwa bega kama zamani, mpaka pindo likafika nusu sketi. Bi Pindo angeweza kuliacha liendelee. Sketi zilikuwa arobaini. Kwa moja moja, angemrudisha pale mwaka mzima, kila mara dereva akiambiwa ni kwa fundi.

Akanyoosha mkono, akaichukua ile sketi mapajani kwa mdogo wake.

“Acha. Nimekusamehe.”

“Sijamaliza hata moja.”

“Najua. Sikudai tena.”

Yule aliyelelewa chini ya meza ile alijua maana yake: asiye na deni hana la kumrudisha. Uso ukamshuka. Alikaa na sindano mkononi, uzi umening'inia.

“Lote, dada?”

“Lote. Mita zote kumi na moja.”

Mdogo akaichomeka sindano kwenye mto wa pini, akaokota mkoba, akatoka. Gari liliwaka nje, likaondoka. Bi Pindo akaigeuza sketi mwangani, akalitazama pindo mpaka lilipokomea. Hakulifumua. Akatunga uzi mwingine, akaendelea pale pale.