Ngurumo kwenye Dirisha la Bima

Edina Ndunguru anaogopa radi, na wala hafichi. Wingu likijikusanya tu juu ya milima ya Umatengo, yeye ameshachomoa kila chenye waya: kompyuta, printa, birika la chai la manesi, hata simu ya mtu iliyokuwa inachajiwa kwa ruhusa ya Sista. Sisi wenzake humtania kwamba siku moja atachomoa na mgonjwa. Yeye hucheka, lakini harudishi plagi mpaka mvua ikatike.

Ana sababu zake. Kwao, kwenye mlima uliojaa mibuni pande zote, ngurumo zikianza mama yake alifunika kioo kwa kanga, akatupa majembe nje, watu wote wakakaa chini kimya. Hilo si geni, wengi wetu tumelelewa hivyo. Lakini Edina ndiye aliyekuwa ameketi dirisha la mapokezi, kabla hajahamia hili la bima, masika ile radi ilipopita kwenye waya wa umeme na kuunguza kompyuta ya kwanza ya hospitali. Ilimwangusha pamoja na kiti chake. Mkono wa kulia ukafa ganzi, akawa analishwa uji na mdogo wake. Aliporudi kazini alikuta Sista Jacqueline, msimamizi wetu, amebandika amri ukutani: ngurumo zikisikika, kila kitu kichomolewe. Kwa Edina hata karatasi ile haikuhitajika.

Mimi nakaa dirisha la dawa. Kati yangu na Edina kuna ubao mwembamba tu, na siku ninayoisimulia niliacha dirisha langu nikaenda kusimama kwake. Hospitali yetu ni ndogo, ya misheni, na jina lake naliacha kwa sababu Sista hapendi kuandikwa.

Ilikuwa Ijumaa. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa ametutembelea wiki nzima na kesho yake alfajiri alikuwa anaondoka. Mgonjwa wake wa mwisho alikuwa Mama Ephrasia, mkulima wa Kingerikiti, mwenye rovu lililokua shingoni mpaka likaanza kubana njia ya hewa. Alikuwa hawezi tena kulala, usiku anaegemea ukuta akiwa ameketi. Pumzi yake uliisikia kabla hajafika mlangoni, ikipiga mluzi. Bingwa alimpima asubuhi hiyo, akasema asiachwe. Lakini upasuaji wa namna ile mfuko wa bima haulipii bila kibali, na kibali huombwa kwenye tovuti yao na kujibiwa humo humo. Kikipatikana kabla ya saa nane mchana, anaingia. Kisipopatikana, nafasi ni ya mwingine, na bingwa mwingine atakuja lini hakuna aliyejua.

Edina alimwingiza Mama Ephrasia ndani, akampa kiti, kwa sababu kusimama kwenye foleni kulimchosha.

"Shikamoo, mama. Kaa hapa karibu nami. Ni jambo la dakika chache."

"Marahaba, mwanangu. Sina haraka," akasema yule mama, na maneno hayo manne yakammalizia pumzi.

Edina akafungua tovuti ya bima. Badala ya ukurasa aliouzoea likaja onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Akarudia. Onyo lile lile. Akajaribu brauza ya pili iliyomo kwenye kompyuta hiyo, nayo ikagoma vivyo hivyo.

"Mfumo umegoma," akaniambia kupitia ubao.

Neno hilo nalichukia. Ukilisikia hospitalini ujue kuna mtu atarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Nikaja na simu yangu, nikafungua tovuti hiyo hiyo. Ilifunguka bila shida, kwa hiyo mtandao ulikuwepo na bima walikuwepo. Ila mlango wa hospitali kwenye tovuti ile hauruhusu simu. Unaijua kompyuta iliyosajiliwa tu, na iliyosajiliwa ni ile iliyogoma.

Akampigia Augustino, fundi wa kompyuta aliyeko Songea. Augustino hakuuliza hata swali moja. Akasema futa historia ya brauza, futa kila kitu, zima, washa. Huyo naye kila ugonjwa dawa yake ni kufuta. Edina akafuta, akazima, akawasha. Onyo likabaki pale pale, na sasa nywila iliyokuwa imehifadhiwa humo ikawa imefutika pia. Nywila hiyo Edina hakuwahi kuiandika kwa mkono wake. Aliiweka Kilian, mtu aliyekaa dirisha hilo kabla yake, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiikumbuka.

"Basi itakuwa tatizo ni lao huko," akasema Augustino, simu ikakatika.

Edina aliweka simu mezani akaangalia kioo cha kompyuta. Nje upepo ulianza kugeuka, naye akachungulia wingu. Mama Ephrasia alikuwa ameinamisha uso, mikono juu ya magoti, anavuta hewa taratibu kama mtu anayehesabiwa pumzi.

"Ngoja angalau barua ya daktari iwe tayari," Edina akasema, zaidi kujipa kazi ya kufanya. Akaipitisha kwenye skana. Kwa kawaida barua mpya hukaa juu kabisa kwenye orodha, lakini juu haikuwepo. Akaipitisha tena. Haikuwepo. Akaanza kushuka na orodha, akapita barua za mwaka huu, za mwaka jana, za wakati wa Kilian, mpaka chini kabisa. Nakala zote mbili za barua ile zilikuwa huko, chini ya kila kitu, zimeandikwa tarehe mosi Januari ya mwaka ambao Edina alikuwa bado anasoma sekondari.

Akatazama kwenye pembe ya kioo. Saa ya kompyuta ilikuwa ikisema hivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameitazama, kwa sababu saa ya ukutani ipo na inafanya kazi.

Hapo ndipo mambo yakaeleweka. Tovuti kama ile huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko miaka mingi nyuma inakiona cheti hicho hakijaanza, nayo inakataa. Na ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, bapa kama sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo. Kila plagi inapochomolewa, betri hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Masika baada ya masika Edina alikuwa amechomoa mchana, amechomoa jioni, amechomoa kwa wingu lililopita bila hata tone, mpaka ikaisha kabisa. Jana yake ngurumo zilipiga, akachomoa, na saa ikaanguka.

"Ni mimi," akasema. Uso ulimbadilika. "Hofu yangu ndiyo imemfungia mlango huyu mama."

"Rekebisha saa kwanza, utajilaumu jioni," nikamwambia, na sikumwambia kwa upole.

Akarekebisha tarehe, akarekebisha saa. Ukurasa wa bima ukafunguka, mweupe, kana kwamba hapakuwahi kuwa na ugomvi. Ukaomba nywila.

Kilian siku hizi yuko kwao Liuli, kando ya ziwa. Simu yake haikupatikana. Edina akapiga tena, haikupatikana. Akapiga tena, ikaita, na tukasikia upepo wa ziwa kabla ya sauti yake. Akaitaja nywila, Edina akaiandika, ikakataliwa. Ukikosea mara tatu mlango hufungwa mpaka Jumatatu. Kilian akafikiri, akasema kumbe aliibadilisha kabla hajahama. Akataja nyingine herufi kwa herufi, Edina akizirudia. Alipobonyeza alifumba macho. Ikakubali.

Na ngurumo ya kwanza ikapiga wakati huo huo, mbali, upande wa bonde.

Edina aliruka. Mkono ulishafika kwenye plagi, nikauona. Ukarudi. Akapakia barua, akapeleka ombi, na chini ya jina la Mama Ephrasia likatokea neno moja: Inasubiri. Kompyuta ikichomolewa hapo, saa inaanguka tena na ombi linarudi mwisho wa foleni. Saa nane ilikuwa imekaribia.

Sista Jacqueline akaingia mbio, viatu vimelowa.

"Edina, chomoa."

"Sista, nasubiri kibali cha Mama Ephrasia."

"Nimekuelewa. Chomoa."

Ngurumo ikapiga karibu zaidi, madirisha yakatetemeka. Mama Ephrasia akainua mkono, akasema kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "Chomoa, mwanangu. Shingo hii nimeizoea. Wewe bado kijana."

Edina akaanza kulia waziwazi. Lakini aliinuka akasimama mbele ya soketi, mgongo ukutani, akimzuia Sista. Msichana huyu huyu ambaye hatukuwahi kumwona akigusa hata kijiko wakati wa radi.

"Mtoeni mama huyu. Nanyi tokeni."

Sista akamshika Mama Ephrasia mkono mmoja, mimi mwingine, tukamtoa hadi korido. Nilirudi dirishani upande wa nje na bahasha ya dawa na kalamu, kwa sababu printa isingewahi. Edina alikuwa ameketi, miguu ameipandisha isiguse saruji, mkono juu ya maus, midomo inacheza. Alikuwa anasali Salamu Maria na kuikosea. Kila radi ilipomulika uso wake ulikunjamana, lakini mkono haukutoka.

Kisha kibali kikaja, akaanza kusoma tarakimu za namba yake. Alizisoma kwa sauti ya juu, moja moja, mimi nikiandika. Akarudia zote tangu mwanzo, nami nikafuatisha kwa kidole. Alikuwa amefika ya mwisho radi ilipopasua mkaratusi nyuma ya jengo la kufulia. Mwanga ulikuwa mweupe kila mahali, halafu hospitali nzima ikawa giza.

"Edina," nikaita.

"Umeandika?" akauliza kutoka ndani.

Bingwa aliwapigia bima, akawasomea namba ile kwenye bahasha, wakaithibitisha. Jenereta ya thieta ikawashwa. Mama Ephrasia akaingia kabla bingwa hajamwita mwingine, na jioni alitoka akiwa na bandeji shingoni na pumzi isiyosikika.

Kesho yake Sista alimwita Edina. Aliniita na mimi, nadhani ili awepo shahidi.

"Ile amri niliibandika kwa ajili yako," akasema. "Nilikuokota mimi sakafuni siku ile. Unataka nikuokote tena?"

"Hapana, Sista. Leo ngurumo zikianza nitachomoa kabla yako. Bado naogopa, tena jana usiku sikulala."

"Basi jana ulikuwa na nini?"

Edina aliangalia kompyuta, ambayo hata wakati huo ilikuwa imechomolewa.

"Jana ilikuwa na mtu ndani," akasema.