Waliogombea Kuwa wa Mwisho

Auleria hakuwa mchekeshaji. Tuanze hapo, maana siku hizi kila anayemkumbuka anasimulia kana kwamba alizaliwa akicheka. Alizaliwa Nyakisasa, akaolewa karibu na barabara iendayo kambi ya wakimbizi, akafiwa na mume akiwa na mtoto mmoja tu, Nice. Majirani walimjua kwa migomba yake na kwa uchache wa maneno. Ukipata kwake sentensi tatu kwa siku, ulikuwa na bahati.

Wakimbizi wa Burundi walipojaa kambini, alianza kubeba ndizi na kuziuza pembeni mwa uwanja wa mgao, pale watu walipopanga foleni kuchukua mahindi, maharage na mafuta. Huko ndiko alikomjua Nduwayo.

Nduwayo alikuwa mdogo wake Nzeyimana, na huyu Nzeyimana ndiye aliyeongoza bloku yao, yaani sehemu yao ya kambi, na kupanga foleni yake, mtu mnyoofu mpaka akaudhi. Ili asisemwe kwamba anapendelea ndugu, Nzeyimana alimpanga mdogo wake mwisho wa foleni, kila mgao, mvua au jua. Sasa mtu akisimama mwisho nusu siku nzima atafanya nini? Nduwayo akaanza kuwachekesha waliokuwa karibu naye. Alimwigiza mpimaji anayetikisa kopo ili mahindi yapungue. Alimwigiza mkubwa fulani akikagua kadi ya mgao huku ameishika kichwa chini miguu juu. Haikupita miezi mingi watu wakaanza kugombea nafasi za nyuma. Walinzi wa foleni, waliozoea kuzuia watu wasikimbilie mbele, sasa wakawa na kazi ya kuwazuia wasirudi nyuma.

Siku moja alimtupia Auleria neno. "Mama Nice, mbona ndizi zako fupi hivi? Zilizaliwa kabla ya miezi kutimia?"

Auleria hakuinua hata uso. "Wewe ulitimiza miezi tisa, na tazama tulichopata."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Nduwayo mwenyewe. Mzee Tomasi, jirani yake Auleria, aliposikia habari hiyo alipiga hesabu za koo, akapanda mpaka kwa mababu wa mababu, akatangaza kwamba ukoo wa Auleria na ukoo wa Nduwayo ni watani tangu kabla mpaka haujachorwa. Kama hesabu ile ilikuwa ya kweli, Mungu ndiye ajuaye. Lakini utani ukishatangazwa umetangazwa. Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa, Nduwayo alipanda juu ya pipa kwenye uwanja wa mpira, akiwa na koti lake la mtumba lenye mikono mirefu na kopo la mafuta lililotobolewa kitako, ambalo ndilo kipaza sauti chake. Wakimbizi walikuja, wanakijiji walikuja, na Auleria alikaa mbele na sentensi zake tatu. Zilitosha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kucheka, naye ni Nzeyimana. Alisimama pembeni amefunga mikono kifuani, akimtazama mdogo wake kama anayehesabu magunia. Nduwayo alimjaribu miaka mitano bila kupata hata tabasamu.

Kisha malaria ikampanda Nduwayo kichwani. Auleria alimpelekea uji hospitalini kambini, akamkuta amekwisha, amebaki macho.

"Mtani," Nduwayo alisema, "nikifa ufanye kazi yako. Na kaka yangu asipocheka siku hiyo, mimi nitahesabu kwamba sikuwahi kufanya kazi duniani."

"Nyamaza unywe uji," Auleria alimjibu, akageuza uso asionekane akilia.

Alfajiri ya Alhamisi Nduwayo akafa.

Mgao wa siku ile ulikwenda kimya. Watu walisonga bila kusukumana, na hakuna aliyeutaka mwisho wa foleni. Toka vijijini watu walikuja na kuni na mikungu ya ndizi, wakaketi na wakimbizi msibani, wasijue waseme nini. Kicheko kilikuwa kitu pekee walichozoea kufanya pamoja, na sasa mwenyewe alikuwa amelala chini ya shuka.

Auleria alijua kazi yake ni ipi. Kwao mtani huja msibani akamwigiza marehemu na kumsimanga, hata akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa watoe ada. Lakini wanaoshuka ni wanaume. Tena hawa walikuwa watu waliozika wenzao njiani wakikimbia, na wengine hawakupata hata nafasi ya kuzika. Neno likikosea njia, lingekuwa tusi, na tusi la msibani halisahauliki. Akamwendea mzee Tomasi.

"Shikamoo, mzee. Shuka wewe."

"Marahaba. Magoti yangu yakishuka hayapandi, mwanangu. Watafukia wawili."

Basi siku ya maziko, katekista alipomaliza sala, na kabla jeneza halijateremshwa, Auleria alivaa lile koti, akashika lile kopo, akafunga kitenge chake vizuri na kuruka kaburini. Minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama huyu mama ana wazimu.

"Mama Nice," Nzeyimana alisema, "tafadhali toka humo."

"Sitoki bila ada."

Mzee Tomasi akaeleza haraka mila yenyewe. Kuku akaletwa.

"Kuku nitamla mimi," Auleria akasema, "marehemu atapata nini? Mrudisheni. Na mahali hapa nimepapima, ni pakubwa kuliko kiwanja alichopewa na kiongozi wa bloku. Tena hapavuji."

Wachache walicheka, wakaziba midomo. Nzeyimana alibaki vilevile. Sentensi zake za siku zilikuwa zimekwisha, na alitamani sana aombe mkono atolewe. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Lakini alikuwa ameambiwa afanye kazi yake.

Akainua kopo mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Nduwayo, pamoja na ile tabia yake ya kuvuta maneno.

"Kaka. Miaka mitano umenipanga mwisho, nikatii. Leo mara moja tu nimetangulia mbele yako, na bado umenikunjia uso kana kwamba nimeruka foleni."

Nzeyimana akatoa mlio kama wa kukohoa. Mabega yakaanza kumtikisika, akashika magoti, akachuchumaa ukingoni mwa kaburi, akacheka. Alicheka huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, kicheko kikubwa cha mtu aliyekiweka akiba miaka mitano. Wengine hawakuweza tena kujizuia. Walicheka wakimbizi, wakacheka wanakijiji, akacheka na katekista akiwa amefunika uso kwa kitabu cha sala.

Nzeyimana akanyoosha mkono, akamvuta Auleria juu.

"Ada imelipwa, mtani?" aliuliza. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Imelipwa."

Jeneza likateremshwa, na katekista akawaomba watu wapange mstari ili kila mmoja atupe udongo. Hakuna aliyekwenda mbele. Mmoja alirudi nyuma, mwenzake akarudi nyuma yake, na mara umati mzima ukawa unasukumana kwa adabu kuutafuta mwisho wa foleni. Ilibidi mzee Tomasi aanze, kwa kuwa magoti hayakumruhusu kugombea. Nzeyimana, ambaye maisha yake yote ya kambini alisimama mbele akiita majina, alipita kando ya watu wote mpaka mwisho kabisa, akasimama.

Auleria akaja akasimama nyuma yake.

Nzeyimana akageuka. "Mama Nice, niachie mwisho. Huyu ni mdogo wangu."

"Hapa ndugu hapendelewi," Auleria akasema, na hakusogea.