Gereji Aliyolala Mama

Hadi leo nikilala chali na kufumba macho, naiona ile dari. Si nyeupe hasa. Ni rangi ya maziwa yaliyoachwa mezani hadi yakatanda utandu, haina mng'ao hata kidogo, na ukiitazama kwa muda unahisi kama inapanda juu polepole na kukuacha. Niliipaka mwenyewe mara tatu, shingo ikiniuma, hapa kwetu Ruiru, upande wa Kamakis. Na ni gereji tu jamani. Gari lilikuwa likilala humo na kudondosha oili. Lakini mwaka huo mama yangu alikuwa anakuja, na macho yake yalikuwa yamebaki kidogo tu yazimike.

Daktari wa macho wa Thika alikuwa ameshasema: ni mtoto wa jicho, anatolewa, lakini akikawia msimu mwingine hatatuahidi kitu. Na baada ya kutolewa akae karibu wiki mbili, awe anapelekwa kuangaliwa. Karibu maana yake ni kwangu, kwa sababu huku hana mtu mwingine.

Sasa, mimi na mume wangu sote ni watu wa magharibi mwa Kenya. Tulikuja huku kutafuta kazi za viwandani, tukabaki. Na kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Si ugomvi, ni heshima, na mama yangu ni mtu wa heshima mpaka unachoka. Nilipompigia simu kumwambia aje alale kwetu, alicheka kwanza. Halafu akasema afadhali abaki kipofu mwenye adabu zake. Nikamkatia simu kwa hasira, nikalia, nikampigia tena kuomba msamaha.

Ni mume wangu aliyesema, "Mama watoto, si tuna gereji?"

"Gereji ya gari?"

"Ina mlango wake. Haiingiliani na nyumba popote."

"Na gari lilale wapi?"

"Gari yangu haina mama mkwe. Ilale nje."

Kweli mlango ni wake. Ukitoka sebuleni huwezi kufika humo bila kuzunguka uani. Lakini paa ni moja. Mabati yanaanzia juu ya jikoni, yanapita juu ya chumba chetu, yanakwenda kuishia juu ya gereji bila kukatika. Mimi nililijua hilo. Mume wangu alilijua pia. Hakuna aliyelitaja. Tukaanza kuzungumza habari za rangi.

Jumamosi nikaenda Thika, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mhindi ambaye amekaa nyuma ya kaunta ile tangu nilipokuja huku nikiwa msichana. Mimi nafanya kazi kiwanda cha nguo, rangi naziona kutwa nzima, kwa hiyo niliingia na kichwa changu juu, nikamwambia nataka rangi ya mafuta inayong'aa, ya ukuta wote na dari, ile ambayo haitoki.

"Ya chumba gani, mama?"

"Gereji."

"Ukuta unapanda maji kutoka chini?"

Sikujua. Akaniuliza kama plasta ya chini inameguka ukiigusa, kama kuna unga mweupe kama chumvi. Nikakumbuka, ndiyo, upo. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni maji. Nguo ikilowa unaianika juani, lakini ukuta utauanika wapi? Ukiufunga na rangi ya mafuta maji yakiwa ndani, yatatafuta pa kutokea."

Akanielekeza taratibu, kama mtu anayemwelekeza binti yake. Nikwangue ukuta wote kwa chini. Oili ya gari niisugue kwa maji moto na sabuni, si mara moja, la sivyo hakuna rangi itakayoshika juu yake. Ukuta ukae wazi wiki mbili ukauke, mlango usifungwe mchana. Halafu chini, hadi usawa wa kifua, niweke rangi ya mafuta, kwa kuwa hapo ndipo mikono na viti vinagusa, na ukipangusa kwa kitambaa uchafu unatoka. Juu yake rangi ya maji, ile inayostahimili kuoshwa.

"Na nani anakaa humo?" akauliza.

"Mama yangu. Anatolewa mtoto wa jicho."

Mzee akauchukua ule mkebe wa rangi ya kung'aa aliokuwa ameshaniwekea kwa ajili ya dari, akaurudisha kwenye rafu.

"Basi dari isiwe ya kung'aa. Itamrudishia mwanga machoni. Chukua hii tulivu, yenye dawa ya ukungu. Na asilale humo kabla harufu haijaisha."

Nilikuwa karibu kumwambia habari ya paa. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mtu mzima na alionekana kujua kila kitu kuhusu nyumba. Lakini nililipa nikabeba mikebe yangu nikatoka.

Siku zile za kupaka nazikumbuka kama ndoto ya mchana. Tulifungua mlango mkubwa wa gereji, jua likaingia hadi ukutani, na vumbi la msasa likabaki limeelea bila kuanguka. Mume wangu alisugua sakafu kwa magoti, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akisahau maneno na kurudia ubeti ule ule. Kwa chini nilichagua rangi nyekundu ya udongo, ule ambao mama alikuwa akisiribia ukuta wetu kila Desemba, mikono yake ikiwa imezama humo hadi kwenye viwiko. Juu nikaweka kijani cha jani la mahindi machanga. Nilipofika kwenye dari nilipunguza mwendo. Nilipaka, ikakauka, nikapaka tena. Mume wangu akaniambia imetosha. Nikapaka mara ya tatu, kana kwamba rangi ikiwa nzito sana itamtenga mama na mabati yale.

Lakini mimi subira sikuumbiwa. Wiki mbili za mzee hazikutimia. Siku ya tisa nilishika ukuta, nikajiambia umekauka, nikaupaka ile rangi ya mafuta. Siku mbili kabla mama hajafika, uvimbe ukatokea karibu na kona, saizi ya yai. Niliubonyeza kwa kidole gumba, ukarudi. Nikausukumia kitanda kiufiche.

Mama alishuka kwenye basi akiwa ameshikwa mkono na abiria mwenzake, leso yake imefungwa sawasawa kichwani. Nikamleta kwa teksi. Tulipofika uani alisimama, akaunyanyua uso kama anayenusa.

"Mwanangu, paa la hapa na la nyumba yenu ni moja?"

Nilikuwa na jibu mdomoni kwa majuma matatu. "La hasha, mama. Yako mbalimbali kabisa."

"Haya. Mungu ni mwema," akasema, akaingia.

Nilijichukia. Mama yangu mzazi, haoni, amenishika mkono, na mimi namdanganya mlangoni. Lakini ningesema kweli angerudi na basi lile lile, na giza lingemmaliza huko nyumbani. Nilichagua macho yake, na hadi leo sijui kama nilikuwa na haki ya kumchagulia.

Hakukaa. Aliweka viganja vyote viwili ukutani akauzunguka chumba. "Hapa ni mafuta," alisema. Akapandisha mkono. "Hapa ni maji. Mmefanya vizuri." Akafika kwenye kona, akainama nyuma ya kitanda, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ule uvimbe. "Na hapa mliharakisha."

"Wee mama!"

"Ni wewe, si mkwe wangu. Wewe hata ulipozaliwa ulikuja kabla ya mkunga." Tukacheka. Kisha akauliza ni rangi gani. Nikamwambia chini ni ule udongo wetu, juu ni mahindi machanga, na dari ni maziwa.

"Nitaona," akasema, akajilaza.

Alasiri hiyo mvua ikanyesha. Nilikuwa nimeketi kando yake na kikombe cha chai. Ilianzia upande wa jikoni kama mvua za huku zinavyokuja, ikatembea juu ya mabati hadi juu yetu, ikapita. Mama aligeuza kichwa kwenye mto wa kitanda polepole, akiifuata. Nilidhani anaburudika. Huko uani mume wangu alikohoa mara mbili, jinsi alivyokuwa akikohoa kila apitapo ili mama mkwe wake ajue na wasikutane ana kwa ana, na mimi nikafikiri ni jambo zuri kiasi gani, watu wote hawa kuheshimiana kiasi hiki.

Hospitalini wakamfanyia upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi wakamtoa bandeji Thika, nikamrudisha nyumbani amevaa miwani myeusi mikubwa, njia nzima akitazama nje: mabango, mitumba, nguo zilizoanikwa kwenye maghorofa ya Witeithie. Tulipoingia uani aliivua miwani. Akanitazama mimi kwanza, sana. Halafu akatazama juu.

Alianzia jikoni. Macho yake yakatembea juu ya mabati, pole pole, hadi yakafika kwenye mlango wa gereji. Nilikuwa nimeshika mkoba wake.

"Mama," nikasema, "nisamehe."

"Nilijua siku ile ya mvua," akasema. "Ilitoka jikoni kwako ikaja hadi juu yangu bila kukanyaga chini."

"Na ukalala?"

"Nililala."

"Kwa nini hukuniambia? Ungerudi…"

"Ningerudi na sauti yako tu. Sauti ninayo, kila Jumapili unanipigia." Akaninyooshea mkono, akagusa nywele zangu juu ya sikio. "Hizi mvi zimeingia lini? Hakuna mtu aliyeniambia mtoto wangu ana mvi."

Nililia pale pale uani kama mtoto wa nasari. Akaniacha nilie. Kisha akasema habari ya paa ni yake, atakapofika nyumbani atajua la kuwaambia wenzake, na jicho la pili litafanywa kama daktari alivyopanga. Huko nyuma ya nyumba mume wangu alikohoa. Mama naye akakohoa, kwa adabu, akaingia ndani.

Alikaa kitandani, akapapasa ule ukuta mwekundu huku anautazama, kana kwamba anahakikisha mkono na jicho vinasema kitu kimoja. Akalala chali. Akaitazama dari yangu kwa muda mrefu, ile niliyoipaka mara tatu, na mimi nikasimama mlangoni nikisubiri aseme.

"Hapo juu ya taa," akasema, akinyoosha kidole, "uliruka."

Nikatazama. Kweli, palikuwa na kipande kama kiganja, ubao mtupu, ambacho mimi mwenye macho mazima sikukiona siku zote zile. Nikaenda kutafuta brashi.