Kiyoyozi cha Chumba cha Upasuaji

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mwili wake ulipoa mno hata wakamkimbiza chumba cha watoto wachanga. Nilimwona kesho yake. Kwa hiyo nilipovuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga kuja Mwanza kujifungua wa pili, tena kwa upasuaji, sikuwaza kisu. Niliwaza kiyoyozi.

Nilikikuta kinanguruma ukutani. Nilikaa kitandani nikisubiri sindano ya ganzi, meno yanagongana.

"Samahani, daktari," nilisema. "Mtoto atatokea kwenye baridi hii?"

Daktari, mama wa makamo, aligusa mkono wangu, kisha akamgeukia muuguzi. "Zima AC. Tusubiri chumba kipate joto kwanza."

Kusubiri kule kulinitesa kuliko baridi yenyewe. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wamebadili mawazo. Niliogopa kwamba nimewaudhi, nikaogopa zaidi kunyamaza.

Walipoanza, muuguzi alikuwa akimfuta daktari jasho la paji la uso. Hakuna aliyelalamika. Kisha nikasikia kilio, na baada ya kumkausha wakamlaza binti yangu kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunika blanketi moja.

"Ana joto?" niliuliza.

"Analo."

Nikauliza tena. Muuguzi akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye unyayo wa mtoto. Ulikuwa wa moto. Hata hivyo sikuuachia mpaka walipomaliza kunishona.