Mama Alipobisha Hodi Hotelini

Sisi watu wa Kaole tuna magofu yetu, na sifa kubwa ya magofu yetu ni kwamba yamekubali kuwa magofu. Hayajipaki poda. Ndiyo maana sikuwahi kuona sababu ya kupanda boti kwenda kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja, ambao kila anayerudi kutoka huko husimulia kama aliyetoka Makka.

Nilikwenda kwa ajili ya mama. Presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho la kushoto, na daktari alisema la kulia nalo halina muda. Mama hakulia. Alisema tu kwamba kabla ya giza anataka kukiona chumba alichozaliwa, ghorofani katika nyumba ya babu yake, alikotolewa kuletwa Bagamoyo kabla hajavunja ungo. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinisimulia chumba hicho: kitanda cha besera chenye nguzo na paa lake, dirisha la kuchungulia wapita njia, mama yake ameketi chini akitunga asumini.

Bandarini mapapasi, wale vijana wa kukimbilia watalii, walituvamia. "Jambo! Jambo, mama!" Mtu mzima na buibui lake, anaamkiwa kama mtalii aliyeshuka jana kwenye ndege. Hakuna aliyekumbuka shikamoo. Vichochoroni kila duka lilikuwa limetundika picha za twiga. Twiga, kisiwani! Nilimuuliza muuzaji mmoja twiga hao wanalishwa wapi, akanijibu kwamba wageni wanawapenda. Nikasema moyoni, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ya Firauni ilikuwa nyumba yenyewe. Imekuwa hoteli. Mlango wa nakshi umesuguliwa mafuta mpaka unang'aa, na ulikuwa wazi kabisa. Ndani, mpokezi alikuwa ameinamia simu yake. Mama akasimama nje ya kizingiti, akakohoa kidogo.

"Hodi!"

Kidole cha mpokezi kiliendelea kuteleza kwenye kioo cha simu.

"Hodi wenyewe!"

Mpokezi aliinua macho, akatabasamu, akasema, "Mambo, mama?" Akarudi kwenye simu.

"Hodi!" Mama akangoja, kisha akageuka kuondoka.

Kwetu hodi ni tatu. Usipokaribishwa unarudi ulikotoka, hata kama umekuja kwa miguu kutoka Zinga, na hununi. Lakini hiyo ni desturi ya majumbani kwa watu, si ya hotelini.

"Mama, hii ni hoteli. Mlango uko wazi."

"Mlango wazi si karibu, mwanangu. Nimeshabisha tatu."

Niliingia nikamwambia mpokezi amkaribishe mzee wa watu. Akaniuliza kama tumebuku. Nilimdharau kutoka utosini hadi kwenye viatu vyake vilivyochongoka. Mtu anakaa mlangoni kutwa nzima, analipwa kwa kazi hiyo, na neno moja la karibu limemshinda! Basi nikampita, nikasimama chini ya ngazi, nikapaza sauti: "Karibu! Karibu ndani, mama! Karibu sana!"

Wazungu waliokuwa wakinywa kahawa uani wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho.

Mama alinitazama kitambo. Kisha akavua viatu, akaingia kwa mguu wa kulia.

Mpokezi, nadhani kwa kuogopa kelele zangu, alituongoza juu mwenyewe, hadi kwenye mlango aliouonyesha mama. Chumba kilikuwa kinangoja wageni. Ukuta mmoja ulikuwa umevunjwa kupata bafu. Dirisha limezibwa kwa kioo ili ubaridi wa mashine usitoke. Juu ya kitanda kipana cheupe walikuwa wamekunja taulo mbili zikawa ndege, shingo kwa shingo, na kuwamwagia maua. Nilitamani kuwatupa nje ya dirisha, ila halikuwa la kufunguka.

Mama alikisogelea kitanda, akainama, uso karibu uguse wale ndege. Alitazama muda mrefu. Jicho lake la kulia lilikuwa likihangaika kama mtu anayetafuta sindano.

"Basi," alisema. "Twende zetu."

Njia nzima niliwatukana: hoteli, mpokezi, mapapasi, twiga wao.

Sasa jicho la kulia nalo limekwenda. Jioni, tukishakula, humwomba anisimulie tena chumba cha mama yake. Huinamisha kichwa, akatafuta, akatafuta, kisha huniambia anaona taulo.